Shekina ni nani kwa Wayahudi? Jibu kwa kiongozi wa kwaya

Swali limenifikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Naongoza kwaya ya kanisa letu hapa Morogoro. Tuna wimbo ambao kiitikio chake ni 'Shekina, shuka'. Mwezi uliopita mhubiri mgeni alisimama akasema Shekina ni mungu wa kike wa Wayahudi, mke wa Mungu, na sisi tunamwita bila kujua. Nimelitafuta neno hilo kutoka Mwanzo hadi Ufunuo sijaliona. Limo kwenye Biblia? Ni kweli Wayahudi wana Mungu mwanamke? Na wimbo wetu tuuache?"

Marahaba, dada. Umetafuta vizuri wala hukupitiwa: neno hilo halimo. Hata ukijifunza Kiebrania ukasoma Agano la Kale lote mstari kwa mstari, jina "Shekina" hutalikuta. Kitenzi lilikotoka ndicho utakachokikuta tena na tena, na huko ndiko ninakotaka tuanzie, maana mhubiri wenu aliishika hadithi mkiani akaacha kichwa.

Kitenzi chenyewe ni shakan: kukaa, kutua, kuweka makao. Kimo katika Kutoka 25:8, pale Mungu anapomwambia Musa, "Nao na wanifanyie patakatifu; ili nipate kukaa kati yao." Sasa geuza ukurasa uende sura ya 26. Kama Biblia yako ni ile ya Union Version, utasoma habari za "maskani" yenye mapazia kumi. Kwa Kiebrania pameandikwa mishkan. Maskani sisi tumeipata kwa Waarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu, kwa hiyo mishkan na maskani ni neno moja lililopita njia mbili. Kijana wa Unguja anayewaambia wenzake wakutane maskani anatamka mzizi uleule uliomo katika hema la Musa. Jirani kwa Kiebrania anaitwa shakhen, kwa mzizi huohuo. Na ukikutana na mwanamke anayeitwa Sakina, hapo tena umekutana na jamaa wa neno hili: Kurani, sura ya pili aya ya 248, inasema kwamba ndani ya sanduku watakalorudishiwa Wana wa Israeli mna sakina itokayo kwa Mola wao, na wafasiri wengi wameifahamu kuwa ni utulivu wa moyo.

Kwa hiyo Shekina, ukilifasiri kavu, ni "kukaa". Kukaa kwa Mungu mahali, au na watu.

Waliolifanya nomino ni marabi, yaani walimu wa dini wa Kiyahudi, katika karne zilizofuata kubomolewa kwa Hekalu la Yerusalemu na Warumi mwaka 70. Walikuwa na haya ya kumtaja Mungu kana kwamba ni mtu mwenye mwili anayeingia hemani na kutoka. Ndiyo maana Targumi ya Onkelos, tafsiri ya Torati kwa Kiaramu, inapofika kwenye "nipate kukaa kati yao" inasema kwamba Mungu ataikalisha Shekina yake kati yao. Sisi tunaijua adabu hiyo ya maneno. Tunasema "Ikulu imetoa tamko", na kila mtu anafahamu kwamba nyumba haina kinywa na kwamba Ikulu hakuishi rais wa pili. Shekina ilianza hivyo, kama neno la heshima la kumtaja Mungu anapokuwa karibu.

Marabi hawakuliacha neno hilo katika vitabu vya tafsiri tu. Walilipeleka majumbani. Mishna, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi uliokamilika karibu mwaka 200, inasema watu wawili wakikaa na maneno ya Torati yakawa kati yao, Shekina iko kati yao. Talmudi ya Babeli, kitabu kikubwa cha mijadala ya marabi juu ya Mishna, inafundisha kwamba anayekwenda kumtazama mgonjwa asiketi kitandani wala kitini. Ajitande vazi lake na kuketi mbele ya mgonjwa, kwa kuwa Shekina iko juu ya kichwa cha mgonjwa. Nimeuguza watu, na sijui andiko jingine linalobadilisha namna ya kuingia chumba cha mgonjwa kama hilo. Rabi Akiva alisema mume na mke wakistahili, Shekina iko kati yao, na wasipostahili moto unawala. Hapo anacheza na herufi za Kiebrania: maneno ya "mwanamume" na "mwanamke" yana kila moja herufi moja ya jina la Mungu, na ukizitoa herufi hizo mbili, linalobaki pande zote ni neno "moto".

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Rav Yosef, mwalimu wa Babeli wa karne za 3 na 4, ambaye Talmudi inamtaja mahali pengine kuwa alikuwa kipofu. Alipokuwa akisikia nyayo za mama yake zikikaribia, alisema, "Na nisimame mbele ya Shekina inayokuja." Sentensi moja tu, katika mjadala wa kuwaheshimu wazazi, kisha mjadala unaendelea na mambo mengine. Hakumfanya mama yake mungu, na hakuna rabi aliyemkemea. Alisikia kandambili mlangoni, kama tungesema sisi, akasema Mungu amekaribia.

Swali la kama Shekina ni mmoja au wengi nalo liliwahi kuulizwa. Talmudi inasimulia kwamba Kaisari alimtega Rabban Gamlieli, mmoja wa viongozi wa marabi: ninyi mnasema kila penye watu kumi Shekina inatua, basi mna Shekina ngapi? Gamlieli akamwonyesha jua lililopenya hadi ndani ya nyumba ya Kaisari. Ikiwa jua, mtumishi mmoja tu kati ya watumishi wengi wa Mungu, linaingia kila nyumba bila kugawanyika, Shekina je?

Sasa jinsia. Hapa Kiswahili chetu kinatuficha jambo, na si kosa letu. Sisi tukisema "anakaa" hakuna anayejua kama ni baba au mama. Kiebrania hakina nafasi hiyo: kila nomino ni ya kiume au ya kike, na kitenzi lazima kiifuate. Shekina ni ya kike, kwa hiyo kila mara marabi walipoandika kwamba Shekina ilitua, iliondoka, ililia, kitenzi kilikuwa cha kike. Peke yake hilo halithibitishi kitu. Torati nayo ni nomino ya kike, nchi ni ya kike, hata roho kwa kawaida ni ya kike: katika Mwanzo 1:2, Roho wa Mungu juu ya uso wa maji ana kitenzi cha kike kwa Kiebrania. Katika Talmudi Shekina si mwanamke. Lakini lugha ikirudia "yeye wa kike" kwa miaka elfu moja, masikio ya watu hayabaki vilevile.

Kilichoyaandaa masikio hayo zaidi ya sarufi ni uhamisho. Talmudi inamnukuu Rabi Shimoni bar Yohai akisema: tazama Israeli wanavyopendwa, kila walikopelekwa uhamishoni Shekina ilikwenda nao, Misri ilikuwa nao, Babeli ilikuwa nao, na watakapokombolewa itarudi pamoja nao. Mahali pengine inahesabu hatua kumi ambazo Shekina iliondoka nazo Hekaluni, kutoka kifuniko cha Sanduku hadi kwenye kizingiti, uani, madhabahuni, ukutani, mjini, mlimani, jangwani, moja baada ya nyingine kama mtu anayegoma kuondoka. Na midrashi ya Maombolezo, yaani ufafanuzi wa marabi juu ya kitabu hicho cha Biblia, inasema ilipotoka ilirudi tena, ikazikumbatia kuta na nguzo, ikazibusu, ikilia na kuaga nyumba yake. Aliyewahi kuhamishwa kwa nguvu, au kumwona mama akifunga mlango wa nyumba asiyoirudia, hahitaji kufafanuliwa hapo.

Kwa muda mrefu wanafalsafa walijaribu kuizuia picha hii isikue. Saadia Gaon, aliyezaliwa Misri na kufa mwaka 942, alifundisha kwamba Shekina ni nuru iliyoumbwa, ishara ambayo manabii huonyeshwa. Maimonides naye, karne ya 12, alifuata njia hiyo, akiulinda umoja wa Mungu kwa ukali. Wangemsikia mhubiri wenu wangeng'aka, lakini wangemng'akia kwa sababu wanakubaliana naye kuhusu hatari.

Mambo yaligeuka mwishoni mwa karne ya 12 kusini mwa Ufaransa, kilipojitokeza kitabu kidogo kigumu kiitwacho Bahir, chenye mifano mingi ya mfalme na binti yake. Miaka mia moja baadaye, huko Kastilia katika Hispania, ukaanza kusambaa mkusanyiko mkubwa kwa Kiaramu unaoitwa Zohar. Wenyewe unasema ni maneno ya Shimoni bar Yohai na wanafunzi wake. Wasomi wa leo wanauhusisha zaidi na Moshe de León, aliyefariki mwaka 1305, na duara la wenzake. Hiyo ndiyo Kabala, elimu ya Kiyahudi ya mafumbo ya Mungu. Wanakabala walisema Mungu katika undani wake hajulikani kabisa, ila hujidhihirisha kwa njia kumi ziitwazo sefiroti. Ya sita ni Tiferet, ya kiume. Ya kumi na ya mwisho, iliyo karibu kabisa na dunia yetu, ni Malkut, yaani Ufalme. Hiyo ndiyo waliyoiita Shekina, na hapo sasa amekuwa wa kike waziwazi: binti, bibi arusi, malkia, mama.

Zohar unafungua kwa mstari wa Wimbo Ulio Bora 2:2, "Kama nyinyoro katika miiba", na kuuliza nyinyoro ni nani. Jibu ni Kusanyiko la Israeli, jina mojawapo la Shekina. Ua hilo lina wekundu na weupe, hukumu na rehema. Kwingineko anaitwa mwezi, kwa kuwa hana nuru yake mwenyewe. Anachong'aa nacho amekipokea. Anaitwa bahari, kwa kuwa mito yote inaishia kwake. Na nikueleze jambo ambalo wanaomsifia siku hizi hulipita haraka: katika Zohar Shekina si upole mtupu. Upande wa hukumu ukizidi, naye huwa mkali, wa kutisha. Waliomwandika walikuwa wanaume, na mwanamke waliyemchora anapokea, anangoja, anaambiwa hana chake.

Basi hapo ndipo penye "mke wa Mungu" wa mhubiri wenu. Wanakabala husema kweli kwamba Mtakatifu, abarikiwe, na Shekina yake wametengana kwa sababu ya dhambi na uhamisho, na kwamba kila amri mtu anayoitimiza inawakutanisha. Wengi walikuwa wakitamka kabla ya tendo jema maneno ya kwamba wanalifanya "kwa ajili ya kuwaunganisha Mtakatifu, abarikiwe, na Shekina yake". Ni lugha ya ndoa, sikufichi. Lakini kila mwanakabala atakuambia kwamba hao wawili ni mmoja, na kwamba kumtenga Shekina na Mungu ndiyo dhambi yenyewe. Wapo Wayahudi walioona mchezo huo ni wa moto. Rabi Yehezkel Landau wa Prague, karne ya 18, aliupinga hadharani utamkaji wa maneno hayo. Kwa hiyo hofu ya mhubiri wenu si ngeni; ilisemwa na Wayahudi wenyewe, kwa elimu zaidi.

Wanahistoria wanabishana wazo la kike lilitoka wapi. Peter Schäfer na Arthur Green wameonyesha kwamba Bahir inatokea Ufaransa wakati uleule ibada ya Bikira Maria ilipokuwa ikishamiri kote nchini humo, na Wayahudi waliishi jirani na makanisa hayo. Moshe Idel wa Jerusalem anaona mizizi zaidi ndani ya Uyahudi wenyewe. Mimi naona majirani husikia nyimbo za majirani, hata ukuta ukiwa mnene, ila mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa na zile hadithi za kubusu kuta.

Wengine wanarudi nyuma zaidi, kwa Ashera, mungu wa kike wa Kanaani ya kale. Ni kweli kwamba Israeli ya kale walimwabudu. 2 Wafalme 23 inaeleza mfalme Yosia akiitoa Ashera nyumbani mwa Bwana na kuiteketeza katika kijito cha Kidroni, na Yeremia 44 ina wanawake wanaomfukizia uvumba malkia wa mbinguni na kumjibu nabii bila woga. Huko Kuntillet Ajrud, jangwani Sinai, wachimbaji wa miaka ya 1975 na 1976 walipata mitungi yenye maandishi ya karibu mwaka 800 kabla ya Kristo, yanayombariki mtu kwa Yahwe "na Ashera yake". Kama ni mungu mke au nguzo ya mti tu, bado wanabishana. Lakini kutoka hapo hadi marabi wanaoanza kutamka "Shekina" zinapita karne nyingi, na hakuna uzi unaoonekana kati yao. Anayesema Shekina ni Ashera aliyebadilisha jina amekuuzia kamba fupi kwa bei ya ndefu.

Nikupeleke Safed, mji wa Galilaya, karne ya 16, kwa kuwa huko ndiko Shekina alikopata kilio na arusi yake. Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Hispania mwaka 1492, na wengi wa watu wa Safed walikuwa watoto wa wakimbizi hao. Isaac Luria, mwalimu mkubwa wa Kabala, aliyefariki mwaka 1572 akiwa na umri wa miaka 38 hivi, alikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Avraham Berukhim, mtu wa kuamka usiku wa manane na kuupita mji akiwaita watu waamke kulilia uhamisho wa Shekina. Barua ya mwanzoni mwa karne ya 17 inasimulia kwamba Luria alimwambia siku zake zimekaribia kwisha, isipokuwa aende Jerusalem, kwenye Ukuta wa Magharibi, uliosalia wa uwanja wa Hekalu, amwage machozi. Akimwona Shekina ataongezewa miaka 22. Avraham akafunga siku tatu, akaenda. Akaona juu ya ukuta umbo la mwanamke, amempa mgongo. Mwandishi wa barua anakataa kutaja alivaa nini, kwa heshima ya Muumba. Avraham akaanguka kifudifudi, akalia akimwita mama, mpaka akazimia. Katika usingizi yule mwanamke akamwekea mkono usoni, akamfuta machozi, akamwambia yale Yeremia 31 inayomwambia Raheli anayelia: liko tumaini. Alirudi Safed, na barua inasema aliishi miaka 22 zaidi.

Mji huohuo ndio uliotunga wimbo unaoimbwa hadi leo katika masinagogi jioni ya Ijumaa, "Lekha Dodi", yaani "Njoo, mpendwa wangu", wa Shlomo Alkabetz. Talmudi ilikuwa imesimulia kwamba Rabi Hanina alijifunga vazi lake Ijumaa jua likizama akasema, twendeni tumlaki malkia Sabato, na Rabi Yannai akasema, njoo bibi arusi, njoo bibi arusi. Watu wa Safed walitoka mjini kwenda kumpokea, na kwa Wanakabala bibi arusi huyo na Shekina ni mmoja. Leo ubeti wa mwisho ukifika, wote wanageuka kuutazama mlango na kuinama, kama tunavyogeuka sisi bibi harusi anapoingia kanisani. Wayahudi wa Abayudaya huko Uganda, karibu na Mbale, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, nao huimba wimbo huo. Kisha nyumbani, mezani, mume anaimba Mithali 31, "Mke mwema, ni nani awezaye kumwona?" Wanakabala waliuimba kwa Shekina, mke aliyepika tangu asubuhi anausikia kama wake, na sioni sababu ya kumnyima.

Wanawake wa Kiyahudi, hasa Marekani tangu miaka ya 1970, wamemchukua Shekina wakasali kwa jina lake kwa vitenzi vya kike. Wengine miongoni mwao wanasita, wakisema picha iliyochorwa na wanaume wa Kastilia haiwezi kuwa kioo chao. Naelewa pande zote mbili. Kwa karne nyingi waliokuwa wakisoma habari za Bibi Arusi walikuwa wanaume, huku wanawake wakiwa nje ya chumba cha masomo.

Tumerudi kwenye kwaya yako. Ningekuwa mimi, wimbo nisingeufuta. "Shekina, shuka" haimwiti mungu wa kike yeyote. Ukiipeleka kwa maana ya awali inaomba Mungu akae nanyi, jambo ambalo Biblia yako inaliomba kila mahali. Neno hili lilifika makanisani mwetu kwa maana ya utukufu, lile wingu lililojaza maskani, na maana hiyo iko karibu na ya marabi wa kwanza kuliko ya Kabala. Ila usiwaambie waimbaji kwamba jina limo kwenye Biblia, kwa kuwa halimo. Mazoezi yajayo, kabla hamjaanza sauti, wasomee Kutoka 40:34: "Ndipo lile wingu likaifunikiza hema ya kukutania, na huo utukufu wa BWANA ukaijaza maskani." Waulize maskani ni nini. Watakujibu kwa maana zao za mtaani, na hapo utakuwa na pa kuanzia. Na mhubiri akirudi, mkaribishe, mpe kiti, msimulie habari za Rav Yosef na nyayo za mama yake.